Dawa Kali Hutolewa na Watu Wawili

Mpendwa wifi Wakesho,

Vijana wa kanisani hapa ughaibuni, Granville, wamenichosha kwa swali moja: wifi yako alijuaje wakati wa kununua na wakati wa kuuza? Nimewajibu mara nyingi kwamba hukujua. Hawaniamini. Wanadhani kuna mtu aliyekuwa akikunong'oneza. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na wao wasome. Nimeandika habari za biashara muda mrefu vya kutosha kujua kwamba ni salama zaidi kueleza nilichokiona tu.

Kaka yangu alipofariki, watu walidhani uwifi wetu nao umezikwa Taita pamoja naye. Wewe ukaendelea kuja. Jumapili ulipanda treni kutoka Doonside na kimanga chako ndani ya kopo la aiskrimu, maharage na viazi vitamu umeviponda vizuri, na kabla hujavua viatu ulikuwa umeshaanza: "Mwandishi mzima, jiko lako halijui hata harufu ya kitunguu. Kaka yako aliniambia kwenu mnapika. Kumbe niliolewa kwa uongo!"

Ni Jumapili mojawapo ya hizo, mwanzoni mwa korona, uliponiambia kwamba umeanza kununua bitkoini. Kidogo tu, kila mshahara ukiingia. Nilikupa jibu ninalowapa wasomaji: hiyo ni kamari iliyovaa tai.

"Najua," ulisema. "Ndiyo maana nakuhitaji."

Kisha ukanieleza mambo ya kazini kwako, kule kwenye nyumba ya wazee ya Rooty Hill. Dawa za kawaida mhudumu mmoja anatoa. Dawa kali zimefungiwa kabatini, na kabati hilo halifunguliwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili. Mmoja anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, jina la dawa na kiasi. Wa pili anatazama, anasema sawa. Nilikuuliza kama wakubwa wenu hawawaamini.

"Si kutoaminiwa, wifi. Mkono uliochoka haujioni."

Hivyo nikawa shahidi wako wa pili. Kununua kidogo kidogo hakukuhitaji mtu, hiyo ilikuwa dawa ya kawaida. Kuuza ndiyo ilikuwa dawa kali. Siku utakayotaka kuuza, ungenisomea kwa sauti unachotaka kufanya, nami ningekuuliza maswali mawili uliyoyachagua mwenyewe: umekula? Na fedha hizi ni za nini? Baada ya hapo unalala, unaamua asubuhi. Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa wajane wawili wasio na la kufanya, mmoja wa mume na mwingine wa kaka.

Jibu la swali la pili nililijua. Mama yako alikuwa peke yake Wundanyi, macho yake yanafifia, jirani ndiye aliyemkokea moto. Wewe ulikuwa unawaogesha mama za watu huku ukiwauliza kwa Kiingereza kama maji yana moto wa kutosha. Hukutaka kwenda kumtembelea. Hayo ulishayafanya, na kila mara aliishika begi yako kabla hujaifunga. Ulitaka kwenda kukaa, bila kuhitaji mshahara, kwa muda wote atakaokuwa hai.

Mei ya 2021 bei ikaporomoka. Baba Imani, Mrundi wetu mpendwa mwenye duka la simu, aliuza bitkoini zake zote akiwa amesimama kaunta, mteja anamsubiri. Kisha akakupigia simu nikiwepo, akikuita wifi kwa kuniiga. "Wifi, toka haraka! Nyumba inaungua, voilà, wewe unakunywa chai!"

"Ni chai ya tangawizi, Baba Imani. Inanywewa ikiwa moto."

Hukuuza. Lakini nilikuona ukikishika kikombe kwa mikono miwili. Naandika hili kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba mtu mtulivu haogopi.

Jaribu lenyewe lilikuja Julai. Mji ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona, na sisi wa upande wa magharibi tukafungwa zaidi: mwisho kilomita tano kutoka nyumbani, helikopta ya polisi juu ya paa. Kutoka kwako hadi kwangu ilikuwa mbali kuliko amri ilivyoruhusu. Ukanipigia kwa video, bado umevaa sare. Jirani alikuwa amekuambia mama ameanguka uani. Hakuvunjika, ila tangu hapo alikuwa akimwita jirani kwa jina lako.

"Nauza, wifi. Zote. Nitaomba kibali cha kutoka nchini, niende."

"Nisomee."

Ukasoma.

"Umekula?"

"Usiniulize habari za chakula! Mama yangu yuko chini, wewe unaniuliza habari za chakula?"

"Wewe ndiye uliyeniambia niulize."

Ukasema tangu asubuhi umekula biskuti ya mgonjwa. Nikauliza la pili. Hizi ni za nini?

"Za kukaa."

"Kwa bei ya leo utakaa muda gani?"

Hesabu hiyo hatukuhitaji kuifanya. Kwa bei ya siku ile ungefika, ungekaa kiasi, kisha mama angeishika tena begi.

Nataka vijana waelewe kilichokuwa mezani. Kama ungesubiri na mama yako akafariki Agosti, usingekuwepo kumzika, na mimi ningekuwa mtu aliyeuliza maswali. Bei ingeweza kuanguka zaidi. Hakuna aliyetuahidi chochote. Sikukushauri, maana shahidi wa pili hashauri. Yeye hutazama tu kama kilichosomwa ndicho kilichomo mkononi.

Asubuhi ukapiga tena. Ulikuwa umelala, na nyuma yako niliona sufuria likitoa mvuke. "Nasubiri," ulisema. "Mwambie Mungu wako wa magazeti aniharakishie."

Nikasema sawa. Ni neno dogo. Sijawahi kulisema kwa woga kama siku ile.

Septemba ukanisomea tena. Umekula? Ndiyo, kimanga. Za nini? Za kukaa. Zinatosha? Zinatosha. Ukalala, ukaamka, ukauza. Baada ya hapo bei ikaendelea kupanda, na Baba Imani, aliyekuwa amerudi kununua, akakuzomea mbele ya kanisa: "Mais wifi, umekimbia mapema! Ungenunua gari!"

"Gari la nini, Baba Imani? Mama yangu hatoki nje ya boma."

Kila mtu alicheka, na yeye zaidi. Mimi nilikuwa nakutazama usoni, kwa mazoea ya kazi. Nilitafuta majuto, sikuyaona. Mipaka ilipofunguliwa Novemba, ukaondoka. Kopo la aiskrimu uliliacha kwangu, limeoshwa.

Hiyo ndiyo siri yote. Hukujua bei itakwenda wapi. Ulijua wewe unakwenda wapi, na ulijua kwamba ukiwa na njaa na hofu hufai kuachiwa ufunguo wa kabati.

Sasa ni 2022 na bei imeanguka tena. Baba Imani ananiletea habari zake, safari hii kwa sauti ya chini. Nami ninazo chache, nilizonunua nyuma yako kimyakimya ili usinicheke. Jana nilitaka kuziuza zote. Nikasimama jikoni na simu mkononi, nikasoma kwa sauti kama ulivyonifundisha. Hakuna aliyeuliza kitu. Friji ikanguruma tu.

Nikaisikiliza tena ile sauti uliyonitumia wiki iliyopita. Mama yako anamgombeza kuku, kisha anauliza, "Wakesho yuko wapi?" Wewe unamjibu, "Niko hapa, mama." Anauliza tena. Unamjibu tena, bila haraka, kama mtu ambaye hana treni ya kuwahi.

Nikaiweka simu chini, nikachemsha maharage. Yameungua kidogo, usimwambie marehemu kaka.

Nimekula, wifi. Lile swali la pili bado sina jibu lake. Ukipanda kilimani penye mtandao, nipigie uniulize wewe.

Wifi yako,
shahidi wa pili