Aliyenunua Maua ya Kahawa Yako

Ihanda,
Karagwe.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mujuni,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka: marahaba. Habari za Tunduma? Mkeo Joviness amepona kile kifua? Na watoto, bado wanagombania upande wa dirishani? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila anamwita kila mtu kwa jina lako, hata muuza samaki.

Nimetoka kanisani sasa hivi. Mvua imeanza, mibuni imechanua, na kibanja kizima kinanukia mpaka ndani ya nyumba. Katika hali hii mtu unaweza kukaa mlangoni na kusahau kuinjika ndizi. Mimi nimesahau.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungesema, "Asante dada," ukakata, nami ningebaki na nusu ya maneno mdomoni.

Unakumbuka Krismasi ulivyonicheka niliposema nataka kustaafu nikifika miaka hamsini na mbili? Ulisema fundi cherehani hastaafu, labda sindano. Cheka tu. Mwenzako kila siku naiona ile asubuhi: mvua inapiga bati, nimejifunika shuka, na hakuna mtu Omurushaka anayeuliza sare ya mwanawe iko wapi. Ninaamka saa ninayotaka. Ninakwenda kuitazama migomba yangu mmoja mmoja, kisha ninarudi kulala. Ndoto yenyewe ndiyo hiyo, haina gari wala ghorofa.

Na sikuota bure. Aproni yangu ya kazi niliishonea mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa nauli, uzi na chakula. Wa pili ni wa dawa za mama pamoja na michango ya misiba, maana misiba haituulizi kama tumejiandaa. Wa tatu nimeushona mdomo, nikaacha tundu la kupitisha noti iliyokunjwa. Ukitaka kutoa, ufumue. Mtu mwenye tamaa anachoka akiwa bado anafumua, nami najijua. Mfuko huo ndio ulionijengea chumba cha kwanza cha kupangisha pale Omurushaka. Cha pili kimesimama kuta, kinangoja bati, mlango na sakafu. Kodi ya vyumba viwili na kahawa yangu ya juu vingetutosha mimi na mama.

Sasa lile lililonikalisha chini. Septemba iliyopita ulinipigia simu kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ukaniagiza nibuture kahawa yako ya bondeni, yaani niiuze ingali maua. Nilikwenda kwa Celestin, yule mnunuzi. Alipita kati ya mibuni yako mikono ikiwa nyuma, akayatazama maua, akataja laki nne. Wewe ulikuwa unahitaji sita.

Nilirudi nyumbani nikimuwaza baba. Kila mwaka shida ilimkuta maua yakiwa mtini, na kila mwaka aliuza maua. Miaka yote ile alichuma kahawa ya watu wengine kwenye miti yake mwenyewe. Uchungu ulinishika, Mujuni. Nikaufumua mfuko wa tatu, nikakutumia laki sita. Uliponiuliza nani kanunua, nikasema mtu wa Ihanda. Hukuuliza zaidi, na mimi sikujitaja.

Kwa hiyo maua yako niliyanunua mimi. Nilipalilia, nikaweka wachumaji, nikaanika, nikapeleka chama cha msingi kwa jina langu. Baada ya mnada, na baada ya kutoa ujira wa watu na usafiri, imebaki milioni moja na laki nane na arobaini.

Toa laki sita zangu. Kinachobaki ni bati, mlango na sakafu, na vinatosha kabisa, kana kwamba mtu alipima. Kwa desturi ya butura, mwenye kununua maua ndiye mwenye kahawa, na wewe ulikwisha kuisahau. Nakwambia kweli, nilizitamani pesa hizo. Wiki mbili nilishona nikiwa sipo. Nilikuwa kwenye ile asubuhi yangu, chini ya shuka, na suruali ya mwalimu mkuu niliishona miguu yote miwili ya kushoto.

Mwishowe nilimweleza Bi. Samiha, mwenye duka ninaloshonea barazani kwake. Alikuwa anapima sukari, wala hakuinua macho. Akasema, "Ni zako kihalali, fundi. Ila ulimnunua ndugu yako akiwa na shida." Akafunga mfuko wa sukari, akamhudumia mteja mwingine.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Celestin naye hufanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye hajifanyi dada wa mtu.

Kesho Jumatatu nitachukua laki sita zangu, na milioni moja na laki mbili na arobaini nitakutumia kwenye simu. Lipa kodi ya mwaka mzima. Inayobaki itengee mahali pagumu kufikika, hata kama hujui kushona. Akiba haiozi, na kahawa iliyokauka vizuri nayo haiozi. Maua haya ya sasa usiniagize niyauze. Ukibanwa, niambie umebanwa, tutafute njia nyingine kabla ya kugusa maua mtini.

Usinionee huruma. Nimekwisha kuagiza vitambaa vya sare za Januari, na ile asubuhi nimeisogeza mbele kidogo. Nadhani ni mwaka mmoja, labda miwili.

Mama anakusalimu. Shangazi Kokwijuka anasema hajapokea salamu zako tangu Pasaka. Wabusu watoto, mwambie Joviness asioshe vyombo kwa maji baridi. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, awape chakula na usingizi.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayeshona bado,

Kokuberwa