Chaki Si Rangi Nyekundu

Vingunguti, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Festo,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinilea hivyo, usidhani leo nimeitoa kwa moyo mweupe. Hamjambo hapo nyumbani? Wifi mzima? Baridi ya Makambako mwaka huu imewashikaje, na lile paa la jikoni mlimaliza kuliziba? Mie huku mwili mzima, chakula kinapita, joto ni lile lile. Ila nina hasira, kaka. Tangu Alhamisi nina hasira, nimefua mpaka mapazia na bado haijaisha.

Naandika kwa mkono kwa sababu sauti za simu sikutumii tena. Barua anakuletea jirani yangu anayefuata viazi huko, duka lako analijua. Usimuulize kitu, hajui yaliyomo. Kaa chini uisome yote mpaka mwisho, usinikatishe katikati kama ulivyozoea.

Mama amenipigia. Kaniambia Gloria sasa ana miezi minne, na toka yale matone aliyopewa siku alipozaliwa hajapelekwa tena kliniki. Eti umemkataza wifi, kwa kuwa "huko Dar wameshagundua." Nani kagundua, kaka? Miaka minane mlikaa bila mtoto. Tulifunga, tuliomba, wifi akasemwa kwenye kila kikao cha ukoo mpaka akawa haendi kisimani mchana. Mungu kawapa Gloria, na wewe unamficha asipate chanjo ya polio. Na wifi usimgombeze, hakuniambia neno. Aliyesema ni mama.

Sasa nikueleze hiyo "wameshagundua" yako ilivyonifika mimi.

Kazi yangu ya kujitolea unaijua. Mie ni mhudumu wa afya wa mtaa, na ikija kampeni ya chanjo napita nyumba kwa nyumba na nesi pamoja na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nesi anamdondoshea mtoto matone mawili mdomoni, anampaka wino kwenye kidole kidogo. Mie naandika mlangoni kwa chaki: watoto wapo wangapi, waliopata wangapi, tarehe, na mshale wa kuonyesha tumeelekea nyumba gani. Basi, hakuna kingine. Chaki ya shule, ile ile uliyokuwa unaiba darasani ukachorea ukuta wa baba.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda salama. Jioni yake ndipo nikakutumia ile sauti. Naikumbuka neno kwa neno, maana juzi nimeisikiliza hata mara kumi. Nilisema, "Kaka, leo nimechora milango mpaka bega linauma. Mwenyewe nilitetemeka, nikakumbuka zile X za kule bondeni. Wamama wananiuliza, mnaandika nini, mnahesabu nini, au ndo greda linakuja? Wanasema hawa watu hawatwambiagi ukweli." Hapo nikacheka. Halafu nikamalizia, "Nikawaambia jamani, hii hesabu ya watoto tu, ili tusirudie nyumba. Wakaelewa, wakatoa watoto wote, hata waliokuwa wamelala." Hiyo ndiyo sauti yangu nzima. Na X unazijua, zile nyekundu walizotuchorea ukutani kule bondeni kabla ya kutubomolea nyumba.

Alhamisi tukaanza mzunguko wa pili. Nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, mtu anachungulia dirishani halafu anashusha pazia. Nikatazama milango nikaona chaki yangu imefutwa, mingine imesuguliwa kwa maji ya sabuni mpaka rangi ya mlango imechubuka. Mwanaume mmoja, fundi wa makochi, akatutolea nyundo. Mjumbe wetu ni mtu mzima wa kuheshimika, mstaafu, nilimwona akirudi nyuma huku ameshika kofia yake. Nikasema twendeni kwa Mama Rashidi, huyo hawezi kutufukuza.

Mama Rashidi sijui kama uliwahi kumwona ulipokuja. Ni Mzaramo, mtu wa hapa hapa, anauza supu ya utumbo karibu na machinjioni. Tulikaa naye nyumba moja kule bondeni kabla hatujavunjiwa, na ndiye aliyenipa kona ya kuweka godoro nilipokuwa sina pa kwenda. Ana wajukuu watatu wadogo. Tulimkuta uani anaosha utumbo. Alipotuona akasimama, na lile beseni la maji machafu akalimwaga mbele ya miguu yangu. Sketi ya sare ikalowa mpaka magotini.

"Mama Rashidi, ni mie Yusta!"

"Nakuona. Na chaki yako naiona. Wajukuu zangu hawapo."

Walikuwepo, nilikuwa nawasikia ndani wakicheka. Nikamuuliza kulikoni. Akajifuta mikono, akatoa simu kwenye kanga. "Sikiliza mwenyewe. Nesi wa huko huko kwenu kasema yote. Imetoka kwa dada yangu Mbagala, naye kaletewa toka bara."

Akabonyeza. Kaka, nikajisikia mimi. Bega langu linauma, mimi natetemeka, mimi na X za bondeni, mimi na greda. "Hawatwambiagi ukweli," nikasema mimi mwenyewe kwenye simu ya Mama Rashidi, kisha nikacheka, na palepale sauti ikakatika.

Nikajua. Sikuhitaji kuuliza mtu. Ni wewe unayewakatia vijana nyimbo hapo dukani wakaweke milio ya simu, na ile sauti sikumtumia mtu mwingine duniani. Juu yake kulikuwa na maandishi kwamba nesi wa Dar amefichua siri. Mie si nesi, Festo! Na siri gani?

Nikamwambia Mama Rashidi, "Hiyo sauti yangu. Wameikata, kulikuwa na maneno mengine." Akajibu taratibu, "Kumbe ni wewe. Basi si umesema mwenyewe? Wamekutisha, mwanangu?"

Nikamwapia. Nikalia pale kwenye maji ya utumbo, nesi ananivuta mkono. Akaniambia, na hasira yote ilikuwa imemtoka, "Yusta, mie sina ugomvi na wewe. Si tulikuwa wote? Walikuja kule bondeni na makaratasi yao, wamevaa vizuri, wanacheza na watoto. Tukauliza, mnahesabu nini? Wakasema, tunahesabu tu mama, takwimu. Nikawapa na chai. Baada ya hapo ikaja rangi nyekundu, na baada ya rangi greda. Sasa na wewe unanambia unahesabu tu. Nikuamini kwa lipi?"

Mie mwenyewe niliwamiminia wale watu chai, sukari niliazima. Waliotudanganya huku wanacheka walishaondoka na sijui wako wapi, nami ndiye ninayemwagiwa maji kwa ajili yao. Nawachukia kwa hilo kuliko hata kwa nyumba.

Na nisikilize vizuri hapa. Mama Rashidi si mjinga. Anajua utumbo wa jana kwa kuunusa tu, huwezi kumuuzia uongo pale sokoni. Lakini alidanganywa na mtu mwenye kalamu, na tangu siku ile kila mwenye kalamu anamwona ni yule yule. Alikuwa na sababu, kaka, sababu yenye kuta na bati. Mtu akija kuniambia watu wa Vingunguti wanaamini upuuzi kwa sababu hawajasoma, nitamtupia kiatu.

Wewe je? Wewe nyumba yako nani kaivunja? Nilikupigia Ijumaa. Nilitegemea utaona aibu, kumbe ukanijibu kwa upole kama unaongea na mgonjwa.

"Yusta, mie nilikuelewa vizuri. Ulikuwa unanionya kiaina."

"Nakuonya nini?"

"Yale ya mwisho uliyasema kwa vile walikuwa pembeni yako. Sauti ilibadilika kabisa."

Sauti ilibadilika kwa sababu nilikuwa natafuna muhogo! Nilikuwa nimekaa kitandani peke yangu, miguu kwenye beseni la maji ya moto, natafuna muhogo wa kuchoma. Nikakwambia hivyo, ukacheka ukasema, "Haya, usijali, siwezi kukutaja." Nilitaka kuipasua simu. Nikikana, nimetishwa. Nikinyamaza, nimekubali. Sasa nifanye nini ili uniamini, mimi uliyenifundisha kusoma?

Nadhani najua kilichokupata. Siku uliyowasikilizisha watu sauti yangu dukani, mama anasema, ulikuwa mtu mwenye habari. Watu walikuja, hata mwalimu mkuu alikuja, wakakuzunguka kukuuliza dada yako kasemaje tena. Ilikunogea. Bei ya mbolea imepanda na hakuna aliyekueleza kwa nini, barabara imeishia njiani na hakuna aliyekueleza kwa nini, na kwa mara ya kwanza ukawa wewe ndiye unayejua wanachoficha wakubwa. Hilo nalielewa hata kama linanikera. Na najua pia unaogopa. Mtu aliyemsubiri mtoto miaka minane anaogopa hata upepo. Lakini woga wako umekuelekeza kubaya, na umewakokota wajukuu watatu wa Mama Rashidi wasiokuhusu.

Nimerekodi nyingine. Nimetaja jina langu, nimetaja mtaa, nimeeleza chaki ni ya nini na maneno yaliyokatwa ni yapi. Nimeipeleka kote. Hakuna aliyeisambaza, kaka. Mjumbe tu kanijibu kwa kidole gumba. Wewe mwenyewe naona umeisikiliza na hujaipeleka hata kwenye lile kundi la kwaya la simuni, ulikoanzia kuisambaza ya kwanza. Ipeleke leo, nzima, na useme ni wewe uliyeikata ya kwanza. Kesho mie narudi kwa Mama Rashidi. Sijui kama atanifungulia, nitasimama uani hivyo hivyo.

Kuna jingine mama aliniambia, nami sijawahi kumsikia akilisema. Unajua mguu wake hatuuzungumzi. Tumekua tunauona, ule mwembamba, anauburuta kwenda shambani na anauburuta kurudi, na tulipigana na watoto wa wenzetu waliomwigiza. Nikamuuliza, "Mama, hivi kwenu walikataa chanjo?" Akacheka kidogo. Akasema, "Nani akatae? Haikuwepo. Homa iliponishika baba alinibeba siku mbili mpaka misheni, wakamwambia dawa yake hatuna. Akanibeba tena kurudi. Festo anayo hapo chini ya mlima, na mtoto kamfungia ndani."

Nisalimie wifi, mwambie nguo za mtoto nimeshona mbili, zinakuja na jirani huyu huyu. Msalimie baba mdogo aliyemsaidia mama kutulea, na mama mchungaji aliyefunga nasi miaka yote ile, na shangazi anayeuza vitenge umwambie nimepata ile rangi yake. Majirani wa juu na wa chini, kamwene kwa wote.

Mama usinisalimie, nimeshasema naye. Siku ya kliniki ni Jumatano. Tumekubaliana kwamba ikifika saa tatu hujamtoa Gloria, mama atamfunga mgongoni na kushuka naye mlima mwenyewe, kwa mguu ule. Njia yake inapita mbele ya duka lako, kwa hiyo utamwona.

Ni mimi mdogo wako, mwenye sauti,
Yusta