Nilimwambia Daktari Susu Hana Ugonjwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usitaje jina langu kwa sababu kanisa letu hapa Migwani ni dogo na watu watajua. Niko kidato cha tatu na mimi ni msichana wa kunyamaza, hata mwalimu akiniuliza kitu sauti inapotea, lakini naishi na nyanya yangu, sisi humwita susu, naye haongei Kiswahili, kwa hivyo hospitalini mimi ndiye mdomo wake. Ana mawe kwenye kifuko cha nyongo na atapasuliwa wiki tatu zijazo. Juzi daktari wa dawa ya usingizi aliuliza kama ana ugonjwa mwingine, na kama ashawahi kupasuliwa akapata shida, nikamuuliza susu kwa Kikamba, akaniangalia akasema, "Mwambie hakuna."

Nikamnong'onezea, "Susu, na vile vidonge?"

"Si ulinisikia nikishuhudia? Unataka nirudi niwaambie Mungu alikosea?"

Basi nikasema hakuna, daktari akaandika, akanisifu ati naongea vizuri. Lakini ugonjwa uko, mshauri. Susu ana ugonjwa wa misuli kuchoka, jioni kope zinaanguka na kutafuna nyama kunamshinda, na miaka sita iliyopita alipopasuliwa ngiri hospitali nyingine walimtoa mrija wa kupumulia akashindwa kuvuta pumzi, wakamrudishia, akakaa siku mbili kwa mashine. Mwaka jana aliombewa, akasimama mbele ya kanisa akasema amepona, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, lakini vidonge bado anavimeza jikoni mlango ukiwa umefungwa, na mimi ndiye humchukulia kliniki Kitui, hata mama aliye Matiliku hajui. Nikisema nitamwaibisha, nikinyamaza sijui itakuwaje. Nifanye nini?

Mdomo wa Susu, Migwani

Binti yangu,

Pole. Ulibebeshwa mzigo wa watu wazima, na hospitali haikufaa kumtegemea mtoto wa shule kwa swali zito hivyo. Lakini sitakubembeleza: ulijua jibu ukatoa lingine, na kwa hilo susu anaweza kufa.

Sikiliza. Mbali na dawa ya kumlaza, mgonjwa hupewa dawa ya kulegeza misuli ili apasuliwe vizuri. Inalegeza hata misuli ya kupumua, ndiyo maana mashine humpumulia. Wakimaliza, humpa nyingine ya kurudisha nguvu. Sasa mtu mwenye ugonjwa wa susu, kiasi kidogo tu humlegeza sana, na kwa sababu ya vidonge vyake si kila dawa ya kurudisha nguvu inamfaa. Daktari akijua, ile ya kulegeza ataipunguza au ataiacha kabisa. Atamwekea mkononi kifaa kidogo cha kustua neva, aone kidole gumba kinavyoruka, na hatatoa mrija mpaka misuli irudi. Atatenga pia kitanda cha wagonjwa mahututi. Wanajua kazi hiyo, lakini hawawezi kujiandaa kwa ugonjwa waliofichwa.

Na ushuhuda? Daktari hatasoma faili kanisani. Susu mwenyewe, anayefunga mlango ndipo ameze, anajua ukweli kuliko wewe.

Leo hii mwambie, mkiwa wawili, kwamba unarudi kusema. Usimwombe ruhusa. Mpigie mama yako simu aje muende pamoja, mbebe vidonge na kijitabu cha kliniki. Susu asiache wala asiongeze hata kidonge kimoja mpaka daktari aseme.

Sauti ikipotea, mbona mimi umeniandikia ukurasa mzima? Mwandikie daktari pia: "Nyanya ana ugonjwa wa misuli. Anameza vidonge hivi. Alipopasuliwa mara ya kwanza alishindwa kupumua. Nilikudanganya, nisamehe." Mpe mkononi, na usitoke hapo mpaka umwone akiandika.

Susu atakununia. Mwache anune hata mwaka mzima, bora anune akipumua mwenyewe.