Nyumba Juu ya Lori la Majani

Malindi,
6 Februari 1972

Kwa Baba Mkwe, Mzee Ratemo,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Natumaini umeamka vizuri huko kwenye baridi. Sisi huku tu wazima, ila jasho.

Mimi ni Aoko, mke wa mwanao Ogeto. Unanijua: binti wa Okeyo, yule wa mashine ya kukaushia majani ya chai, nyumba ya nne kutoka kwako pale kwenye laini za wafanyakazi. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikisii changu ni cha kununulia ndizi tu, na Kijaluo chako baba alikuwa akikicheka.

Ogeto hajui kwamba naandika. Ndugu yangu Phelix ameniambia kwamba mwezi wa kumi na moja unastaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuendesha lori la majani. Baba, njoo utuone. Mtoto wetu Ombati ametimiza miaka mitatu. Tulimpa jina la marehemu baba yako na hujawahi hata kumshika. Ogeto ni karani kwenye ghala la pamba, mimi ni muuguzi. Nyumba yetu ina vyumba viwili na nafasi ipo. Miaka mitano ya kununiana inatosha.

Mkweo,
Aoko


Sotik,
19 Machi 1972

Kwa Mama Ombati,

Barua yako ilinikuta na mafua, lakini mkono wa kushika usukani bado una nguvu. Nashukuru kwa salamu. Nimeisoma mara mbili, ya tatu nikamsomea mbwa. Natumaini mtoto hajambo.

Sasa sikiliza. Wewe ulikulia kwenye laini ukatuona sisi Wakisii, lakini hukuona yote. Kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala! Nikikoroma nyuma ya ukuta wa chumba chenu, nitakuwa nimewavunjia heshima na kujivua nguo mwenyewe. Hotelini nako sitalala. Kitanda alicholalia mtu nisiyemjua mpaka asubuhi, mimi nikilalie jioni? Hapana.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika kwamba siji. Kisha nikaichana ile barua. Meneja wa shamba ameniambia nichague zawadi ya kustaafu, na wengi huchagua saa ya ukutani. Mimi nimechagua lori langu la zamani, lile Bedford walilotaka kuliuza kama chuma chakavu sasa kwa vile limeletwa jipya. Nitang'oa bodi ya kubebea majani nijenge nyumba juu yake: ukuta wa mbao mbili mbili, jiko la kuni lenye bomba, na dirisha moja dogo ili mvua isiingie. Nitakuja na nyumba yangu, niegeshe nje ya yenu, nilale kwangu. Hapo hakuna mwiko uliovunjwa.

Niambie barabara ya Mombasa mpaka Malindi ikoje, feri ya Kilifi ina upana gani, na njiani kuna nini cha kutazama. Miaka yote hiyo nimeendesha kati ya shamba na kiwanda, maili sita kwenda, sita kurudi. Ogeto usimwambie kwanza. Akikataa mapema nitakosa hamu ya kupiga misumari.

Baba mkwe wako,
Ratemo


Malindi,
25 Aprili 1972

Baba Mkwe mpendwa,

Nakuamkua tena. Mafua yamepona? Kunywa maji ya moto yenye limau, na usiniambie kwamba dawa ya dereva ni chai.

Jumapili nilipanda basi mpaka Kilifi na tepu ya kushonea nguo mkobani. Nilipopiga magoti kupima feri, wafanyakazi wake walicheka mpaka mkubwa wao akaja. Nikamwambia ni kwa ajili ya baba mkwe wangu anayekuja na nyumba. Basi akashika ncha ya pili ya tepu. Upana ni futi kumi na nne na inchi tatu. Paa hakuna, jenga kwenda juu upendavyo.

Safari nimeipanga hivi. Mombasa ukae siku mbili uone Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walizingirwa ndani yake karibu miaka mitatu. Halafu daraja la Nyali. Linaelea juu ya maji, kwa hiyo usishtuke likitikisika. Kabla ya kupanda feri kuna magofu ya Mnarani, msikiti wa kale juu ya mlango wa bahari. Ukishavuka utafika Gedi, mji wa mawe ulio ndani ya msitu. Watu wake walihama zamani na sababu haijulikani vizuri. Kisha Malindi, ule mnara wa Vasco da Gama, kisha mlango wetu.

Na hilo jiko, Baba, toa. Huku utaivia humo ndani kama mkate. Kata madirisha manne, hata matano.

Ogeto aliniuliza kwa nini tepu ina grisi. Nilimwambia ni mafuta ya cherehani. Sipendi kumdanganya mume wangu, kwa hiyo maliza haraka.

Mkweo,
Aoko


Sotik,
16 Julai 1972

Kwa Mama Ombati,

Salamu kutoka kwenye mvua. Mimi mzima, isipokuwa kidole kimoja kilichokutana na nyundo. Nanyi?

Jiko nimelitoa. Madirisha manne yamekatwa. Johana, seremala wetu Mkipsigis, alitikisa kichwa akasema, "Mzee, hii nyumpa sasa ni ya kuku." Nikamwambia akate la tano.

Ndani nimeigawa kwa ukuta wa mbao. Nyuma ni kitanda changu, na huko wewe huingii wala hutazami. Mbele nimeweka benchi na meza. Utasimama mlangoni ukanipa uji na tusikoseane heshima. Ogeto ataketi kwenye benchi, kama mwana anavyoketi kwa baba yake.

Nikimaliza zamu naketi kwenye benchi hilo mwenyewe nawaza juu ya Gedi yako. Mji mzima umeondoka, umeacha visima na milango, na hakuna aliyesema kwa nini. Nadhani wanaoshangaa ni watu wa nje. Wenyewe walijua, ila kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Mama yake Ogeto, marehemu Elmina, angenicheka kwa mawazo haya. Angekuwapo, mengi yasingeharibika.

Baba mkwe wako,
Ratemo


Malindi,
17 Septemba 1972

Baba Mkwe,

Natumaini kidole kimepona. Sisi tu wazima, lakini nyumba yetu imenyamaza.

Ogeto amezipata barua zako kwenye sanduku la sare zangu za kazi. Hakupiga kelele. Alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akasema, "Huyo anakuja kuona magofu. Sisi tuko njiani tu. Atapunguza mwendo, apite. Si ndiyo kawaida yake?"

Unajua anachosema. Siku ya arusi yetu tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, pale njia ya Kaplong, lori lako likatokea. Ogeto akashuka ngazi akijua utasimama. Ukapita. Baadaye ukatuma neno kwamba ulikuwa umebeba majani, na majani mabichi hayangoji, yakikaa yanaungua. Ogeto amekulia kwenye chai, hilo analijua. Anajua pia kwamba dakika tano haziunguzi majani.

Najua mke wa mwana hasemi hivi na baba mkwe. Ungekuwa mbele yangu ningeangalia chini tu. Lakini hupo mbele yangu, na mimi ndiye ninayelala na mtu huyu aliyenyamaza. Usije kama mtalii, Baba. Mjibu kwanza hilo la arusi. Kama huna jibu, baki huko na nyumba yako.

Mkweo,
Aoko


Sotik,
29 Oktoba 1972

Kwa Mama Ombati,

Mmeamkaje huko? Mimi mwili haujambo. Nimekaa na barua yako wiki tano, na nimeanza majibu mengi nikayaacha.

Lori lilikuwa tupu.

Hapakuwa na jani hata moja. Nililitoa bila ruhusa, nikavaa suti yangu, nikaja arusini. Nilipokata kona nikawaona wazee wa laini yetu wamesimama pembeni ya kanisa. Ndio wale wale niliowaapia kwamba nikionekana kwenye arusi ya mwanangu na Mjaluo wanikate masikio. Mdomo wangu ulikuwa umenitangulia kufika, na mguu ukakataa kukanyaga breki. Nilimwona Ogeto akishuka ngazi, nikatazama mbele. Nilikwenda mpaka karibu na Kisii ndipo nikageuza. Nilipopita tena mlikuwa mmeshaondoka.

Hayo ya majani niliyatunga. Na wewe hukuwa na kosa lolote. Baba yako Okeyo alichimba kaburi la Elmina kwa mikono yake, halafu mimi nikamkataa binti yake kwa sababu ya kabila. Naona haya kuandika hivi, na haya hizo nimestahili.

Msomee Ogeto. Nyumba imekwisha na nimeipaka rangi ya kijani. Kama hanitaki, yuko Chepchumba wa Kedowa ambaye anataka kuiweka kando ya barabara auzie chai na mandazi. Nitangoja mpaka Desemba. Asiponijibu, nitakuwa nimejibiwa.

Baba mkwe wako,
Ratemo


Malindi,
26 Novemba 1972

Kwa Baba,

Salamu. Sisi hatujambo. Ombati ana kikohozi kidogo na mama yake anakishughulikia. Natumaini wewe u mzima na kazi umeikabidhi salama.

Usije Malindi peke yako.

Aoko alinisomea barua yako. Nilimwomba airudie pale penye lori tupu, kisha nikatoka, nikatembea mpaka ghalani na haikuwa siku ya kazi. Siku zote nilidhani nikiupata ukweli nitapoa. Sikupoa. Afadhali yangekuwa majani. Lakini nimekuwaza pia ukivaa suti asubuhi ile, peke yako, bila Mama wa kukunyooshea kola, na hilo nalo limeniuma.

Nimeomba likizo ya wiki tatu. Jumamosi, tarehe 9 Desemba, nitashuka basi pale Sotik. Tutaendesha pamoja mpaka huku. Ni maili mia tano na ushee, na maneno niliyo nayo hayaenei kwenye karatasi. Mengine ni mabaya, na utayasikiliza, kwa sababu utakuwa umeshika usukani na huna pa kwenda. Njiani wewe utalala kwako nyuma, mimi nitalala mbele kwenye kiti cha dereva. Mila ninazijua. Fort Jesus na Gedi tutaziona. Kama tutakuwa hatusemezani, tutaziona kimya.

Bado nimekasirika, Baba. Ninakuja hivyo hivyo.

Mwanao,
Ogeto