Ngoma Iliyochelewa

Papa yangu mpendwa,

Kaseti ya bendi yenu imekatika. Redio iliumeza utepe, na fundi akasema hakuna cha kuunganisha. Ilikuwa ndiyo sauti pekee uliyotuachia, kwa hiyo nimejaribu kuitengeneza upya. Katika simu ya Maman kuna programu ya akili bandia: unaieleza muziki kwa maneno, nayo inaupiga.

Kwanza niliandika, "Death metal ya zamani, muziki wa hasira." Ikatoa kelele safi, iliyonyooka, kama tangazo la sabuni.

Ndipo nikakumbuka Jumamosi zile mlipofanya mazoezi nyuma ya nyumba, wewe kwenye ngoma, mimi nimekalia bidoni, lile dumu la maji. Mama jirani aliuliza kama mnafukuza mashetani. Ukamjibu, "Hapana, maman, tuko tunawafundisha kuimba." Kisha ukanigeukia: "Hii haiko hasira, mutoto yangu. Iko kazi."

Basi nikaandika kazi. Nyuzi za gitaa zilegezwe mpaka zingurume kama lori lenye mzigo mlimani. Sauti ya mwimbaji itoke tumboni, maneno yasagike. Ngoma kubwa ipigwe kwa miguu miwili, kama mtu anayeshuka ngazi za mtaa wetu wa Kadutu mbio bila kuanguka. Katikati wimbo upunguze mwendo, uzito ubaki. Yote yasikike kama yamerekodiwa katika chumba kidogo cha mabati.

Safari hii ilikaribia kufanana nanyi. Maman alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Tangu mazishi yako alikuwa hajakutaja. Akasimamisha mchi.

"Hapana. Huyu wa ngoma anapiga muzuri sana. Papa yako alikuwa anachelewa."

"Anachelewa wapi, Maman?"

"Fasi yote! Ku misa, ku meza, ku ngoma. Kidogo tu, kisha anakimbia, anafika." Akacheka. "Andika ile."

Najua mashine haikufahamu, Papa. Hata ikipatia, haitakuwa wewe, na sikutarajia hivyo. Nilitaka tu nyumba isisahau jinsi ulivyosikika. Nikaongeza: "Mpiga ngoma achelewe kidogo, kisha afike."

Maman akaja kukaa kando yangu, majani ya sombe bado mikononi. "Fungua tusikie," akasema.

Ngoma ikachelewa. Ikafika. Maman hakurudi kwenye kinu mpaka wimbo ulipoisha. Kisha akauliza kama wimbo unaweza kuanza tena.

Pumzika, Papa. Huku tunasikiliza.

Binti yako, yule wa kwenye bidoni