Mawe Matatu ya Nyamizi

Asumini, uko wapi? Dada Nyamizi anatetemeka kwa hasira, na mimi nimebakiza kidogo nipasuke kwa kicheko.

Si unajua anavyoikarabati ile nyumba aliyoijenga baba enzi wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia? Na ile bustani yake ya Kijapani uani? Kokoto nyeupe kazichana kwa reki mpaka zina mawimbi. Katikati kaweka mawe matatu meusi, kayachagua mwenyewe ziwani Nassa.

MATATU. Umeshajua.

Asubuhi kaenda Dutwa kufuata rangi. Kurudi, uani kumejaa moshi. Fundi Limbu na wenzake wamewasha kuni katikati ya mawe yake, sufuria ya ugali juu! Jiwe moja limepasuka. Mawimbi yote yamekanyagwa.

"Limbu, umefanya nini?"

Limbu bila hata aibu: "Dada, tumekuta umetupangia mafiga. Asante sana."

ASANTE! Yaani anashukuru!

Nyamizi kafungua mdomo amfukuze, akaona nyuma ya moshi kuna mtu kakaa kwenye kigoda na sahani yake. Baba! Baba huyu huyu aliyeisusa bustani tangu ianze.

"Ng'wanone, mwanangu, mama yako alikuwa anapikia hapa hapa."

Asumini, tangu mama afariki baba hajawahi kula uani. Leo kala, na kaomba ukoko.

Usimpigie dada sasa hivi. Kachuchumaa kwenye kokoto zake, anamkwangulia baba ukoko huku anamtukana Limbu, machozi yanamtoka.