Sauti ya Baba Zuhura

Jumatano, Ufukoni

Kumbe hata kwenye eda mtu anacheka. Shemeji kaweka zile filamu za zamani za mchekeshaji wa Kimarekani, ambazo marehemu mume wangu alizitafsiri kwa sauti yake kwenye kibanda cha video.

"Baba huyo!" binti yangu Zuhura akapiga kelele, akambusu yule mzungu kwenye TV.

Nikataka kumrekebisha. Mama mkwe akasema, "Mwache tu, mwanangu."

Kwenye filamu za mwanzo mchekeshaji ni kijana, ndiye nyota. Ya mwisho kazeeka, kapewa kipande kidogo tu, anaigiza jirani. Na humo mume wangu anatafsiri huku anakohoa...

Nikaizima. Naogopa Zuhura ataisahau sauti ya baba yake, bado mdogo mno. Kesho nitamwekea za mwanzo, zile ambazo baba yake anacheka mpaka anasahau kutafsiri.